Mume Alitoboa, Mke Anaziba

Asubuhi tulivu, Mama Kiraka ameinamia gari kama anayechungulia kisima. Injini imeshatolewa. Chini ya boneti limebaki bati tupu, lenye matundu kila upande: palipokaa honi, palipokaa king'ora, palipopitishwa waya ambao hakuna anayekumbuka ulikuwa wa nini.

Anashusha kofia ya kuchomelea. Cheche inalia, tsss, kisha kimya. Tsss, kisha kimya.

"Nikishusha hii, dunia inazimika," anasema. "Kinabaki kinyota kimoja tu, naelea nacho. Mtu ataniita mpaka achoke, kumbe mimi niko mbali huko."

Kwenye benchi la mlangoni ameketi mumewe, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza redio. Gereji hii aliianzisha yeye. Huu ni mwaka wa saba tangu mtoto wa jicho amfunge macho yote mawili.

Mama Kiraka alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza hikihiki. Jina lake alilipata kwa kutia viraka suruali za mafundi. Macho ya mumewe yalipoanza kuingia ukungu, wateja wakawa wanachomoka mmojammoja.

"Akaniambia, mke wangu, wewe uwe macho, mimi nitakuwa masikio," anakumbuka. "Bati nalo ni kitambaa, ila kikaidi. Ukilikazania moto, linajikunja. Ukiwa na pupa, tobo unaloziba linakuzalia mengine."

Kwa hiyo hudondosha nukta moja ya moto, akahamia tobo lingine, akarudi la kwanza likiwa limepoa. Hivyo hivyo, nukta kwa nukta, kama mtu anayeota ndoto ileile mara nyingi.

Wiki iliyopita muuguzi mmoja mstaafu alileta gari hili la marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu. Alitaka lipakwe rangi upya, na chini ya boneti pawe kama siku lilipotoka dukani.

"Baba alilipenda kuliko sisi wanawe," alisema. "Wala hatukuona wivu, maana alitubeba humo humo."

Mzee, mume wa Mama Kiraka, alisogea, akalipapasa bati kama kawaida yake. Vidole vikagota kwenye tobo lililokaa upande. Akaangua kicheko.

"Hili langu! Mwalimu alitaka honi ya sauti mbili. Nilikuwa kijana, drili ikaniponyoka."

"Wewe utoboe, mimi nizibe," mkewe akamjibu. "Ndiyo ndoa hiyo."

Lakini kutu ilikuwa imelila bati pale kimyakimya. Cheche ya kwanza tu, likayeyuka. Tobo la kupita kidole likawa la kupita yai. Muuguzi akashika kifua.

"Limeyeyuka hilo, nimelisikia," mume wa Mama Kiraka alisema kutoka benchini alikokuwa amerudi. "Usiongeze moto. Kata mpaka ukute bati zima, kisha tia kiraka. Kwani wewe si fundi cherehani?"

Akakata kutu yote, akachonga kipande kipya, akaegemeza shaba nyuma yake inyonye joto. Jua likahama ukuta huu likaenda ule. Nukta zikakutana. Akasaga, akapiga msasa, akamwita mumewe.

Mzee akapitisha vidole, akavirudisha.

"Liko wapi?"

"Litafute."

Alilitafuta sana. Mara Mama Kiraka akaona mashavu ya mumewe yamelowa.

Miaka yote hiyo mzee alikataa kupasuliwa, akidai ameshaona ya kutosha duniani. Jioni ile, wakifunga mlango, alisema bila kuulizwa: "Kaniandikishe kwa daktari. Nimechoka kusikia tu."

Upasuaji umepangwa mwezi ujao. Muuguzi ameahidi kuwapeleka yeye mwenyewe, kwa gari lilelile. Nyumbani, Mama Kiraka ameirudia cherehani yake: anajishonea gauni la buluu iliyoiva, rangi ambayo mumewe huiulizia mpaka leo.

"Wakimfungua bandeji, aanze na mimi, magari baadaye," anasema. "Tatizo ni kwamba aliniacha sina mvi hata moja."

"Nikikuta umezeeka," sauti inatoka benchini, "nitawaomba wanirudishie bandeji."

Mama Kiraka anacheka mpaka anaegemea gari.

"Mwone huyu! Warudishe wasirudishe, gauni nitalivaa."