Murinzi wa Bibi Haukatwi

Juzi mwanangu alikuja na msumeno kuukata murinzi wetu, ule mti mfupi wa maua mekundu ulio ukingoni mwa kibanja, shamba letu la migomba. Nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Katekista alikuja na panga, akinukia sabuni. Bibi, rozari shingoni, alikuwa ametandika majani makavu ya migomba penye shina, ameketi anatafuna punje kavu za kahawa. Juu yake ndege chozi walikuwa wakililia utamu wa maua.

"Shikamoo, mama. Huu ni mti wa mizimu. Inuka niukate."

"Marahaba. Wabatize kwanza hawa ndege, maana ndio wanaouabudu kutwa."

Kisha akamnyooshea kahawa. Kwetu mgeni hakatai kahawa, na ukishaila huinui panga katika mji wa aliyekupa. Aliitafuna amesimama, akaenda zake. Mimi nilidhani Bibi hakuinuka kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka.

Basi juzi nami nilitandika majani palepale, nikaketi.

"Mama, umechoka?" mwanangu akauliza.

Nikamnyooshea kahawa.