Machozi ya Mama Clovis

Kama unamjua Mama Clovis kwa televisheni tu, basi humjui. Huko anaitwa Mama Bernadette, anatembea porini na kitenge kiunoni akimtafuta mwanawe, na watu wanamwonea huruma kwa kuwa amekonda vizuri kwa kamera. Mimi ninakaa naye lupango moja hapa Kampemba, Lubumbashi, nyumba mbili ndani ya ukuta mmoja, na ninamjua kwa jina lake la Edith. Ninamjua akiwa na ndoo. Ndoo ya mashuka ya mume wake, ndoo ya maji ya kumwogesha, ndoo nyingine sitaitaja. Kukonda kwake si uigizaji.

Mume wake, Edouard, alikuwa mtu wa reli. Alikagua tiketi za abiria mpaka akastaafu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamuru. Hata akiomba chumvi ulidhani anakuteremsha kwenye gari-moshi. Kiharusi kilimwangusha karibu na Pasaka. Upande mmoja wa mwili ukafa, sauti ikabaki kidogo, naye akageukia ukuta. Chakula alipokea vijiko vichache ili Edith asigombe, kisha akafunga mdomo. Clovis, mtoto wao, yuko Kolwezi na kazi zake, anauliza habari kwa simu. Wa kumgeuza baba kitandani alikuwa Edith peke yake.

Maigizo aliyaanza parokiani akiwa bado bibi arusi mgeni hapa, na kila Noeli alikuwa yeye Bikira Maria, mpaka akazaa na wakatafuta mwingine. Halafu kijana mmoja anayeitwa Aristote, mwenye kutengeneza séries, michezo ya televisheni, akamwona na kumwingiza katika *Wagon ya Tano*. Treni inaharibika porini, njia ya kaskazini. Abiria wanakaa wakila walichobeba, na kila kukicha mmoja wao hayupo. Hakuna damu wala nyayo. Nani anawachukua? Kampemba nzima ilikuwa na jibu lake. Chancelvie, binti yangu, alisema ni pasta. Mimi toka mwanzo nilisema ni kontrolere, mkagua tiketi, kwa sababu shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Mtu yuko porini siku zote hizo na shati limenyooka, huyo ana nyumba mahali! Edouard, kabla ya kuugua, alininunia juma zima kwa ajili ya neno hilo.

Ikafika sehemu ambayo kila kitu kiliitegemea. Mama Bernadette hajawahi kulia tangu hadithi ianze. Sasa anakuta kiatu cha mwanawe, Israël, kando ya kijito, na hapo analia kilio chenyewe, cha mama. Kilio kinapita porini kote, na yule anayeteka watu anakisikia, moyo unamvunjika, anatoka mafichoni mikono kichwani.

"Mama, hii njo roho ya série," Aristote alimwambia. "Kilio kama haiko ya kweli, batu batazima télé."

Edith hakuweza kulia. Walimpa kitunguu, akapiga chafya. Wakamwambia afikirie marehemu mama yake, akafikiria, akasema alikuwa mtu mwema, basi. Walimrudisha porini siku nyingine, na wakati wanapanga kamera aliegemea behewa akalala amesimama. Aristote ni kijana mwenye heshima, lakini nilimsikia getini akivuta pumzi kama mtu anayesukuma gari bovu.

Jioni moja tulikuwa tunachambua mboga za lenga-lenga, mimi na yeye, ndipo akanieleza kilichokuwa kinamwogopesha.

"Mama Chancelvie, mi sina tena machozi. Minajisikia namuna kipande ya mbao. Sasa Papa Clovis akifwa, ntafanya namuna gani? Badada yake batatoka Kamina, bataniangalia mu macho. Mwanamuke haliye bwana yake, weye unajua batasema nini."

Nilijua. Watasema amemuua. Kwetu mjane mwenye macho makavu hahitaji kesi. Ndugu za marehemu wanamtazama, wanatazamana, na jambo limekwisha. Anaweza kuwa amemlisha mtu huyo na kumwosha mwaka mzima, hakuna atakayeuliza. Wataangalia macho.

"Utalia tu," nikamwambia. "Machozi haiishake."

Nilisema hivyo kama watu wanavyosema wakitaka mazungumzo yaishe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama sokoni toka asubuhi nikiuza viatu vyangu vya mitumba, miguu inawaka. Huruma nayo inachoka.

Kujizoeza nyumbani alikataa kabisa. Ndani ya nyumba yenye mgonjwa mtu halii. Ni kuita kifo kwa jina na kukifungulia mlango. Lakini siku moja Edouard aliamka na homa, Edith hakuweza kumwacha, na Aristote alikuwa amebanwa na televisheni yake. Akaja na kifaa cha kurekodi sauti. Akasema uso hauna haja tena, Mama Bernadette ataonekana kwa mbali, kwa mgongo. Anataka sauti peke yake. Edith akafikiri sana. Mwisho akaingia jikoni nyuma ya nyumba, akasimamisha godoro dirishani, akafunga mlango. Mimi nilikuwa sokoni, sikujua lolote.

Nilirudi mapema siku hiyo, vumbi na baridi vimefukuza wateja. Nilipofika kona ya barabara yetu nikasikia. Godoro lilizuia nini, mimi sijui! Kuna kulia kwa mwigizaji na kuna kulia kwa mtu, na kilichotoka lupango letu hakikuwa cha mwigizaji. Nikautupa mzigo chini. Papa Clovis ameenda.

Watu wa Lubumbashi wanatusema sisi tulio na asili ya Kasai kwamba tunalia kwanza, halafu ndiyo tunauliza nani kafa. Wanatusingizia mengi, ila hili si uongo. Nilivua kilemba, nikaweka mikono kichwani, nikaingia lupangoni nikipiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka mjini. Kisha nikakumbuka wajibu. Marehemu lazima afungwe macho. Nikaingia chumbani kwake, naendelea kulia, nikainama juu ya kitanda, nikamkuta marehemu ananitazama.

"Mama Chancelvie," akasema, "unyamaze kidogo. Minasikiliza."

Nikakaa chini sakafuni, hapo kando ya kitanda, kilemba mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa ni kazi ya Aristote. Ukuta wa chumba ni mmoja na wa jikoni, kila neno lilikuwa linapita.

Edith alikuwa ameanza kwa Israël, mtoto wa kwenye série. Lakini jina la Israël lilikuwa limekwisha zamani.

"Edouard we! Ulinitoa Kamina na valizi moja, ulisema tutarudia kule kila mwaka, hatukurudiaka! Edouard we! Ile kelele yako iko wapi? Nani atanigombesha juu ya chumvi? Nyumba inanyamaza, Edouard, naogopa nyumba!"

Nikatazama kitandani. Alikuwa ameacha ukuta, amegeuza kichwa upande wa sauti.

"Minachoka, Edouard! Siku zingine minaomba Mungu akutwale. Eh, njo minaomba vile, na mudomo yangu hii! Halafu minaamuka asubui, minaweka mukono ku kifua yako kusikia kama unapumua. Unapumua, minafurahi, halafu minabeba ndoo. Mi niko mutu gani? Ukienda, huu mukono ntaweka ku kifua ya nani?"

Aibu ilinishika. Nikataka kuinuka nigonge ukuta, anyamaze, mgonjwa anasikia. Edouard akanishika begani kwa mkono wake mzima.

"Umuache. Iko na haki."

Machozi yalikuwa yanamtoka, nayo yanaelekea sikioni kwa jinsi alivyolala, na hakuwa na mkono wa pili wa kuyafuta. Nikamfuta kwa kilemba changu.

Huko nje yowe langu lilikuwa limefanya kazi yake. Vijana wamekata matawi wameyaweka barabarani ili magari yajue kuna kilio. Viti vya plastiki vimetoka nyumba za jirani. Mama wa parokia wamefika na vitenge mabegani, mmoja tayari anawasha mbabula, jiko la makaa, kwa ajili ya usiku wa matanga. Edith akafungua mlango wa jikoni, macho yamevimba, Aristote nyuma yake, na akakuta msiba wake umemkalia uwanjani.

Alifikiri kitu kimoja tu. Kwamba wakati yeye analia kwa ajili ya televisheni, mume wake amekata roho upande wa pili wa ukuta, peke yake.

"Minamuua!" akapiga kelele. "Minamuitia kifo, minamuua!"

Akaingia chumbani amejikwaa kizingitini, akaanguka magotini karibu yangu. Edouard akamtazama. Sura yake upande mmoja ilikuwa haifanyi kazi, lakini upande wa pili ulikuwa unataka kucheka.

"Mama Clovis," akasema. "Unasema mi niko na kelele?"

Edith akaweka kichwa juu ya kifua chake. Nikatoka.

Uwanjani nilijaribu kueleza, lakini nani anamsikiliza mwanamke aliyelia yeye mwenyewe dakika iliyopita? Mkubwa wa mama wa parokia akakasirika. Akasema kumlilia mtu aliye hai ni dhambi, na kama kifo kimeitwa hivyo hakiwezi kurudi mikono mitupu. Wengine wakakubali. Edith alisimama mlangoni anasikia yote hayo, na niliona uchovu unamrudia usoni, ule wa kila siku.

Ndipo sauti ikatoka ndani, ndogo, lakini ilikuwa ya kuamuru.

"Batu balikuja juu yangu. Munitoshe inje, nibasalimie."

Wanaume wakamtoa na kiti chake. Mtu ambaye hajaona jua toka Pasaka! Msichana mmoja alikimbia mpaka barabarani akajikwaa kwenye matawi. Edouard akasalimia kila mmoja, polepole, na alipofika kwa yule mkubwa wa parokia akamwambia, "Kifo ilikuwaka mu njia, mama. Hakuna mutu alikiita." Na kwa kuwa makaa yalikuwa yamekwisha kushika, tukapika bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, tukala. Edouard akala. Edith alimlisha mbele ya watu wote, na alipofika kijiko cha mwisho wazee wawili walitazama pembeni, kwa sababu ilikuwa kama kutazama mambo ya chumbani.

Aristote naye alikuwa na matatizo yake. Kilio ni kizuri kuliko alivyoota, lakini mama wa Israël anamlilia Edouard. Akaomba kirudiwe.

"Sirudilie," Edith akasema.

Basi kijana akabadilisha hadithi yenyewe. Kontrolere akapewa jina la Edouard, na ikawa ndiye mume wa Mama Bernadette aliyempoteza zamani. Anasikia jina lake linalia porini na hawezi tena kujificha. Sehemu hiyo ilipotoka tuliitazama wote lupangoni, na kilio kilipofika hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, si niliwaambia ni kontrolere? Edouard akiwa kitini kwake akasema, "Asante. Sasa mi njo mwizi ya batu," akacheka mpaka Edith akamshika asianguke.

Edouard alikula vizuri majira yote ya baridi. Mvua za kwanza zilipoanza akalala mchana mmoja na hakuamka. Clovis akaja kutoka Kolwezi. Dada za Edouard wakateremka kutoka Kamina, wanawake wakubwa wenye sauti kama yake, wakakaa mkekani wakalia kwa haki, maana alikuwa kaka yao na walimpenda.

Edith hakulia. Alifunga kitenge cheusi, akapokea watu, akauliza kama kuna maji ya kutosha. Halafu siku ya pili, saa sita ya mchana, katikati ya wanawake wote wanaoomboleza, akajinyoosha kwenye mkeka na kulala. Usingizi wa kweli, mdomo wazi, anakoroma. Dada mkubwa wa Edouard akanyamaza, akatazama yale macho makavu yaliyofumbwa, kisha akawatazama wenzake.

"Mujane ya namuna gani hii?" akauliza. "Bwana yake iko mu mortuaire, yee analala?"

Nilikuwa nimekaa ukutani nimechoka, sikutaka ugomvi na mtu. Lakini nikasikia mdomo wangu umekwisha kufunguka.

"Alishaka kumulilia, badada," nikasema. "Na mwenyewe alimusikia, mi nilikuwa pale. Siye wote hapa tunamulilia mutu hatusikie tena."

Dada mkubwa alinitazama, akamtazama Edith tena. Akavua kitenge chake cha begani, akamfunika miguu. Kisha wakaendelea kulia, ila kwa sauti ya chini, ili asiamke.