Ramani Iliyongoja Mvua

Harufu ya amonia ya mashine ya kunakili ramani ilikupokea ngazini, kabla hujauona mlango wa kampuni ya babu yangu mzaa baba pale Kariobangi. Niliingia humo kila nilipotoka shule, macho yakiniwasha, na hadi leo nikiikumbuka harufu ile moyo hunituama. Babu alikuwa msanifu majengo, mtu wa Lamu, mgumu kama msumari wa kutu, na baba yangu alichora naye. Ofisi ilikuwa na mwiko mmoja: ramani haitiwi sahihi mpaka Babu asimame kiwanjani mvua ikinyesha, aone maji yanaelekea wapi. Maji hufuata mkondo, alikuwa akisema, na mkondo haukuulizi umejenga nini.

Mwaka ule masika yalichelewa. Mfanyabiashara mmoja alitaka ghorofa za kupangisha, kazi ambayo ingetulisha kwa muda mrefu, naye akachoka kungoja.

"Mzee, si unisainie tu? Mvua nayo ni ya Mungu."

"Hata kiwanja ni cha Mungu," Babu akamjibu.

Mteja alipoondoka, baba alisema kwa sauti ya chini, "Baba, tukiikosa kazi hii tunafunga."

"Basi tufunge, mwanangu."

Kazi ikaenda kwa wengine. Wachoraji wakaaga mmoja baada ya mwingine, na baba, kwa hasira, akaenda kuajiriwa viwandani. Hakukanyaga tena ngazi zile, hata Babu alipougua. Mvua ilikuja ghorofa zikiwa zimeshaanza kupanda. Sisi watoto tulichezea madimbwi, Babu akakaa dirishani akiyatazama maji. Niliwachukia wote wawili kwa ukaidi wao, na niliwapenda mno.

Babu hakufunga, na leo kampuni ni yangu, ofisi ni ileile. Mashine ya amonia ilishakufa, tunachora kwa kompyuta, na wateja wanataka ramani kabla chai haijapoa. Juzi nilipita na baba, mzee sasa, mbele ya ghorofa zile. Wapangaji walikuwa wakiteremsha vitanda na masufuria, maana msingi umetitia, kuta zimepasuka, na wameamriwa wahame. Mama mmoja aliketi juu ya godoro kando ya barabara, mtoto mgongoni. Baba aliegemea mkongojo wake akamtazama.

"Kile kiwanja chako cha mtaa wa Fedha," akasema, "mvua umeshaiona?"

"Bado, Baba. Na mwenye kiwanja ananisukuma kweli."

"Basi usisaini."

Kisha akaniomba nimshike mkono, nimpeleke ofisini, akazipande zile ngazi.