Shemeji Katika Orodha ya Marejeo

Miaka ishirini na miwili ya wodi ya wazazi ilimfundisha Mkunga kushika mambo kumi kichwani kwa wakati mmoja. Kitanda cha tatu presha imepanda, kitanda cha saba ni mimba ya kwanza, glavu limebaki boksi moja, na daktari wa zamu bado hajaonekana. Hakuwahi kuhitaji daftari. Basi alipoamua kurudi darasani kusoma shahada ya uzamili, akiwa na miaka arobaini na sita na goti moja linalouma, alidhani makala za wanasayansi nazo zingekaa kichwani hivyo hivyo. Hazikukaa hata wiki.

Swali lake alilitoa wodini. Mama mwenye uchungu akiachwa atembee, hujifungua mapema kuliko yule anayelazwa kitandani? Siku ya kwanza katika maktaba ya chuo aliliandika swali lote, kuanzia neno la kwanza hadi alama ya kuuliza, kwenye ukurasa wa kutafutia makala. Majibu yakaja elfu themanini na ushee. Mkutubi, dada mmoja mpole aliyekuwa akipita na rundo la majarida, akachungulia begani kwake.

"Mama, hapa huongei na mtu," alisema. "Usiieleze mashine hadithi. Ipe maneno mazito tu: uchungu, kutembea, muda. Halafu iambie unataka makala zenye yote matatu kwa pamoja."

Majibu yakashuka hadi mia tatu. Mkutubi akamwonyesha kuongeza ndugu wa kila neno, maana anachokiita huyu kutembea mwingine hukiita kusimama, na majibu yakapanda tena. Kisha wakatupa nje makala za ng'ombe na mbuzi, ambao nao kumbe wana uchungu wao na watafiti wao. Zikabaki makala mia mbili na sita, na Mkunga akazihifadhi zote kwenye programu ya marejeo, inayoshika jina la mwandishi, mwaka, jarida na kurasa, na wewe ukiandika tasnifu yako unabonyeza tu, rejea inaingia mahali pake na orodha inajipanga yenyewe mwishoni.

Tatizo ni kwamba makala mia mbili na sita zinafanana kama watoto wachanga waliovuliwa bangili za majina. Lakini programu ilikuwa na kisanduku kidogo cha maelezo chini ya kila makala, na Mkunga akakitumia kwa akili yake mwenyewe. Kila makala aliipa jina la mtu wa nyumbani.

Iliyosema machache na yote yakawa kweli aliiandikia "Mume", kwa sababu mumewe, fundi wa friji, angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno ishirini na yasipungue kitu. Iliyorudia ya wengine bila kuyaona kwa macho yake ilikuwa "Jirani". Iliyokuja kutafuta makosa ya wenzake tu ilikuwa "Wifi". Na iliyoahidi makubwa kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, ukifika kwenye matokeo huoni kitu, hiyo ilikuwa "Shemeji", kwa heshima ya kitindamimba wa ukoo wa mumewe, anayekuja kila Jumapili kutengeneza bomba la jikoni, akala, akasifu mapishi, akaondoka bomba likidondosha vile vile. Kulikuwa pia na "Mama mkwe", lakini hizo zilikuwa chache sana.

Mfumo ulimfaa kupita kiasi. Akitaka hoja ya kuegemea, anaandika "Mume" kwenye kisanduku cha kutafutia, na waaminifu wote wanajipanga mbele yake. Hakumwambia mtu. Amwambie nani?

Wiki moja kabla ya kukabidhi tasnifu, idara ikabadili mtindo wa kuandika marejeo. Zamani tangazo kama hilo lingemlaza mtu na homa, orodha nzima ichapwe upya, nukta kwa nukta. Mkunga alifungua programu, akatafuta jina la mtindo mpya, akabonyeza, na kufumba na kufumbua orodha ikajigeuza. Akatazama rejea ya kwanza, akaiona safi, akafunga kompyuta akijipongeza. Hakuona kwamba mtindo huo ulikuwa na pacha wake, na kwamba yeye alimchagua yule mwenye maneno matatu ya ziada mkiani: pamoja na maelezo. Kurasa zilipoongezeka akadhani ni herufi tu zimenenepa. Nakala tatu zikachapwa na kujaladiwa kwa jalada gumu la buluu. Moja ikaenda kwa msimamizi wake, moja kwa mtahini wa nje, na moja ikaja nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe mwenyewe. Mama huyu alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini, na hakuwahi kustaafu kuhakiki. Husoma karatasi za dawa, husoma maboksi ya balbu, na kila kitabu hukianza mwisho. Husema makosa hujificha nyuma, mahali mpiga chapa alipokwisha kuchoka. Alhamisi mchana Mkunga alikuwa jikoni akimenya vitunguu, vingine vikiwa tayari motoni, aliposikia anaitwa kutoka sebuleni.

"Bi Mkunga, huyu shemeji wa ukurasa wa mia moja thelathini na mbili ndiye huyu wetu?"

"Shemeji gani, Mama?"

"'Shemeji. Ahadi nyingi mlangoni, sahani hajaosha. Waliochoka wamekwenda wapi?'" Mama mkwe alisoma polepole, kwa sauti ya mahakamani. "Kwani siku hizi shahada zinaandikwa hivi?"

Mkunga alitoka jikoni na kisu mkononi. Akasoma, akafunua ukurasa, akasoma tena. Chini ya kila rejea, kwa herufi ndogo nadhifu, ukoo mzima ulikuwa umekaa. Halafu akatazama jina la mwandishi lililokuwa juu ya yule shemeji asiyeosha sahani, na hapo ndipo alipoketi chini kabisa, sakafuni. Lilikuwa jina la mtahini wa nje.

Alimpigia msimamizi wake. Upande wa pili karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Mimi umeniweka Mume," alisema msimamizi hatimaye, na yeye ni mama wa makamo. "Si haba. Lakini nakala ya Profesa, mtahini wako, siwezi kuirudisha. Ameniandikia jana kwamba ameisoma hadi ukurasa wa mwisho."

"Amesema nini kingine?"

"Kwamba Jumatatu ana maswali."

Mkunga alijua hesabu yake. Profesa akiona amedhihakiwa, angeweza kumrudisha mwaka mzima, na ruhusa ya masomo kutoka hospitalini ilikuwa inaisha mwezi ule ule. Mwaka wa pili usingekuwepo. Angerudi wodini mikono mitupu baada ya kuwatangazia wenzake wote. Aliogopa, na aliona aibu zaidi ya kuogopa.

"Nitasema ni kosa la mashine," alimwambia mama mkwe. "Nitasema maneno yale sijui yametoka wapi."

Mama mkwe akafunga kitabu. "Ulichoandika ni uongo?"

"Si uongo, Mama. Adabu ndiyo haipo."

"Basi kwa adabu omba msamaha. Ukweli usiuombee. Miaka thelathini nimechapa maneno ya watu kortini, na sikuona aliyeponea kwa kugeuza maelezo." Akamtazama pale chini alipoketi. "Tena wewe ndiye unayewaambia wenzio kila siku, mficha uchi hazai. Inuka, kitunguu kinaungua."

Jumatatu chumba cha utetezi wa tasnifu kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na feni iliyokuwa ikizunguka bila kupoza mtu. Profesa alikuwa mzee mnene wa mwendo wa taratibu, na nakala yake ya buluu ilichomoza vipande vya karatasi kila upande. Aliuliza habari za mbinu, akauliza habari za sampuli, na Mkunga akajibu yote, huku jicho lake moja likiwa kwenye kipande cha mwisho kabisa, kile cha nyuma. Dakika arobaini zilipita. Profesa akakishika.

"Ukurasa wa mia moja thelathini na mbili," alisema. "Shemeji ni mimi?"

Msimamizi aligundua jambo muhimu sana la kutazama kwenye jagi la maji.

"Ni makala yako, Profesa," Mkunga alijibu. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Naomba radhi kwa lile jina. Maelezo yale yalikuwa ya kunisaidia mimi kukumbuka. Nilichagua mtindo usio sahihi, yakachapwa, na sikuhakiki. Kosa ni langu."

"Jina nimesikia. Na sahani?"

Hapo angeweza kurudi nyuma. "Kwenye ikisiri umesema waliotembea walijifungua mapema kwa saa nzima na zaidi. Lakini wametajwa mia tatu na kumi mwanzoni, na kwenye jedwali la mwisho wapo mia mbili na sitini. Hamsini walichoka njiani, wakarudi kitandani, nawe ukawatoa kwenye hesabu. Hao mimi nawajua, Profesa. Ndio ninaowashika mkono. Ukiwatoa, hata mimi naweza kusema kutembea ni dawa."

Profesa alifunua kurasa mbili tatu bila kuzisoma.

"Makala ile niliiandika nikiwa kijana mwenye haraka ya cheo," alisema. "Nimeitwa kwenye mikutano kwa ajili yake. Watu wameirejea, wameisifu, wameifundisha. Wale hamsini hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao hata siku moja, na mimi nilikuwa nangoja." Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilimchukua Mkunga muda kutambua kwamba mzee anacheka. "Mke wangu akiona ukurasa huu, ataubandika jikoni juu ya sinki."

Kisha akaandika kitu kwenye fomu yake. Nakala safi isiyo na maelezo, ndani ya wiki mbili. "Lakini habari ya wale hamsini usiiache imejificha huku nyuma," aliongeza. "Ipandishe kwenye sura ya nne, iandike kwa herufi za kawaida, na usinionee haya. Umefaulu."

Mkunga alitoka hadi kwenye benchi la koridoni, akavua viatu, akakanyaga sakafu ya baridi kwa nyayo zote mbili. Machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka, hakujua kipi kimetangulia. Siku nne alikuwa amebeba jiwe kifuani, anakula bila kuonja, analala bila kupumzika, na sasa jiwe halipo, na pumzi inashuka hadi chini kabisa. Amewaambia kina mama wangapi, "Vuta pumzi, mama, yamekwisha," na hakujua kwamba maneno yale ni matamu hivi. Akampigia mumewe.

"Nimefaulu."

"Nilijua," alisema fundi. "Nije nikuchukue?"

Maneno matatu tu, na yote ya kweli. Alimwambia aje.

Nyumbani jambo la kwanza lilikuwa kufungua kompyuta hapo hapo sebuleni. Akautafuta ule mtindo pacha, usio na mkia. Akaukagua jina mara tatu, akabonyeza. Ukoo wote ukatoweka kwenye orodha, wakabaki wanasayansi na miaka yao. Safari hii alishuka mpaka rejea ya mwisho, moja baada ya moja, ndipo akaegemea kiti na kushusha pumzi tena. Kwenye programu kila mtu alikuwa bado yupo mahali pake, faraghani.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi na ile nakala ya buluu mapajani. "Nami nimemaliza kusoma," alisema. "Mashemeji ni thelathini na mmoja."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimemzaa, namjua. Na bomba bado linadondosha." Akafunua kitabu. Mkunga akaona vipande vya uzi mwekundu vimetiwa kati ya kurasa. Vilikuwa vinne. "Mimi mwenyewe nimejikuta mara nne."

"Ndiyo, Mama."

"'Mama mkwe. Inauma, lakini ni kweli. Irudie kabla hujaandika neno.'" Safari hii hakusoma kwa sauti ya mahakamani. "Zote nne umeandika hivi hivi. Nne tu, kati ya hawa wote?"

"Hazipatikani nyingi, Mama. Nimetafuta."

Mama mkwe alikunja uzi mmoja kwenye kidole, akaukunjua. Halafu akainuka, akaburuta kiti cha meza ya chakula mpaka kando ya kompyuta, akaketi na kuisogeza miwani yake.

"Nifungulie ile ya kwanza," alisema. "Nataka nione nilisema nini."