Nilitunga nadharia ya katuni ya Wagiriki, rafiki yangu akaoa nayo

Wakuu, habari za jioni.

Kisa hiki sijakipika, na wivu wake sijaupunguza. Kama wewe ni wa samehe usahau, pita tu.

Ifakara, miaka ya tisini mwishoni. Kibanda cha video kilileta mkanda wa katuni ya shujaa wa Kigiriki. Vijana wote tukaugua Ugiriki.

Sasa mimi hadithi zenyewe nilizisoma maktaba ya parokia. Kitabuni, mungu mkuu alimzaa yule shujaa nje ya ndoa, mkewe akatuma nyoka wakamuue mtoto kitandani.

Kwenye katuni, mke huyohuyo ndiye mama mzazi, anabembeleza na kutabasamu!

Ubishi ukawa mkali. Mmoja akasema nyoka walikuwa wa kuchezea. Mwingine akasema mashujaa walikuwa wawili, majina tu yamefanana.

Jibu nililipata Katindiuka, shambani kwetu, tukiamia ndege na rafiki yangu Gaude. Tulikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kukaa na kupiga kelele ndege wasimalize mpunga.

Nikamwambia, "Gaude, wenye katuni walimuuliza shujaa mwenyewe, mama yako nani? Akawaonyesha mke wa baba. Kwani huku kwetu mtoto angemwonyesha nani? Akishaletwa nyumbani ni wa nyumbani. Wale nyoka ni hasira za wiki ya kwanza tu."

Gaude alicheka hadi ndege wakaruka wenyewe.

Jumapili baada ya misa tukakutana nje ya kibanda. Editha alikuwepo.

Wakuu, Editha nilimpenda kiasi cha kushindwa kumsalimia. Na wote tulijua baba yake alimzaa nje, akalelewa na mke wa ndoa.

Kabla sijafungua mdomo, Gaude akaimwaga nadharia yote, mpaka ile ya hasira za wiki ya kwanza.

Editha akacheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Kweli kabisa. Mama alinikataa mwanzoni. Leo mtu akinigusa, wa kwanza kushika mwiko ni yeye."

Kusema "hiyo ni yangu" niliona utoto.

Mavuno yalipoisha, Gaude akapeleka posa. Harusini mimi nilibeba kreti za soda, na kila kreti nilimchukia upya.

Mwaka jana wakafanya jubilei ya ndoa. Gaude, mzee mzima, akashika maiki akarudia nadharia YANGU. Vigelegele! Mimi nikainamia pilau langu.

Editha akaja kuniongezea nyama, akainama.

"Shemeji, ile ni yako, sivyo? Gaude tangu lini akafungua kitabu? Siku ile pale kibandani nilikuwa nakutazama wewe. Nilisubiri useme."

Akaenda meza nyingine na sinia lake.

Funzo, wakuu: neno la kumwambia umpendaye, mpelekee mwenyewe. Ukimwambia rafiki kwanza, umemtuma akajiposee.

Uwanja ni wenu, mwageni maoni. Ila atakayekuja kumtetea Gaude, nitajua ni Gaude.