Miguu Isiyofika Chini

Mimi ni fundi wa nguo. Tangu nitoke shule ya upili kazi yangu ni kupima miguu ya watu: kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, kutoka pajani ndani mpaka chini. Nimepima walimu, makasisi, na wakulima wa mahindi wanaoingia na matope ya shamba mpaka magotini. Siku niliyokwenda kununua pikipiki, miguu pekee ambayo sikuipima ni yangu.

Pale dukani Kitale walikuwa wameiegesha kando ya baraza ya saruji. Nikapanda. Mguu wa kushoto ukatua juu ya baraza vizuri kabisa, wa kulia nikauweka kwenye kikanyagio, nikajiona mtu. Muuzaji akarudi nyuma kidogo, akanitazama, akasema, "Imekukaa, bosi." Na mimi ambaye kila siku nawaambia watu kwamba suti imewakaa hata kama imewakataa, nikamwamini.

Wakaisukuma mpaka barabarani. Nikapanda tena, nikateremsha mguu kutafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Nilianguka polepole, kama gunia linaloegemea ukuta uliobomolewa jana. Vijana wa boda waliokuwa kando hawakucheka. Waliinamisha vichwa kama watu walio matangani. Heri wangecheka.

Ni pikipiki ya safari, ya injini ya kadiri. Si ile ndogo ya boda, wala si lile dude la matajiri wa Nairobi linalopita hapa Jumamosi likielekea Mlima Elgon. Bei yake ni ya mtu wa kawaida aliyejinyima. Ina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na moja nyuma, na tangi linaloweza kukufikisha Turkana kabla hujauliza mafuta yanauzwa wapi. Mimi Turkana sijaenda na sitaki kwenda. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kiti changu cha cherehani kimechukua umbo langu, na nikilala mbali nacho mgongo unanuna. Lakini nilikuwa nimetazama sana kwenye simu video za watu wanaozunguka nchi, hema nyuma, vumbi usoni, wanakunywa chai kando ya mto. Nikafikiri mtu akinunua pikipiki ya safari, hamu ya safari huja nayo ndani ya sanduku.

Nilifungua masanduku yote matatu. Haikuwemo.

Kilichokuja ni uchovu. Cheni inataka kupanguswa na kutiwa mafuta. Mvua ya saa kumi, ile ambayo Kitale haikosi, inakukuta Kiminini umevaa koti la mvua ambalo wewe mwenyewe ulilishona, na linavuja kwapani. Injini inakuchoma goti kwenye foleni. Kila kituo cha mafuta kuna mzee anayeizunguka mikono nyuma, anauliza inakimbia ngapi. Namwambia sijui. Ananitazama kama mtu aliyeoa na hajui jina la mke. Kweli sijui. Naiendesha kama mtu aliyebeba mayai, kwa sababu ukienda mbio mwisho wake ni kusimama, na kusimama ndiko kulikonishinda.

Kwa hiyo niliishi kwa mawe. Kuna jiwe nililoliviringisha mpaka langoni kwangu. Mjini nasimama tu penye ukingo wa lami ulioinuka. Kanisani kuna ngazi ya mlango wa kando, na waumini wengine wanadhani naegesha pale nyuma kwa unyenyekevu. Pahali pasipo na jiwe sina shughuli napo. Nimewahi kukosa harusi ya binamu kwa sababu uwanja wao ni tambarare.

Tunaishi upande wa Kiminini. Ua wa michongoma unatutenganisha na jirani yetu, mama anayeuza maziwa, ambaye watu wake walikuja huku zamani kutoka upande wa Mlima Kenya. Yeye hukamua alfajiri, saa ile ile ambayo mimi nahangaika kupanda. Haachi kunitazama.

"Fundi, bado unapandia jiwe?"

"Naipasha moto tu, mama."

"Unapasha jiwe ama pikipiki?"

Jioni ndio vibaya zaidi, kwa sababu jioni pikipiki lazima iingizwe uani kwa kurudishwa nyuma, na kazi hiyo hufanywa na mke wangu. Mke wangu ana miguu mirefu. Nililijua hilo mapema kuliko mtu yeyote: nilimpima mwenyewe sketi ya sare ya kwaya, ndivyo tulivyojuana. Anakaa juu ya ile pikipiki nyayo zote mbili chini, anairudisha nyuma taratibu huku simu ameibana kwa bega anaongea na dada yake. Kwao Bumula, kabla sijamuoa, alikuwa akiendesha pikipiki ya kaka yake kupelekea wakata miwa chakula. Mimi husimama kando nikimwelekeza. "Kushoto kidogo," namwambia. Hajawahi kugeuka.

Sasa, mama mkwe wangu yuko huko Bumula. Na kwetu Bungoma, kwa yule asiyejua, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja. Yeye akiwa sebuleni, mimi niko nje na kuku. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia kwenye mahindi, na kawaida ni mimi. Kutazamana usoni ndio kabisa haifai. Maneno yetu hupitia kwa mke wangu, hata kama tumetengana hatua chache na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mkwe wangu karibu."

"Amesema karibu."

"Mwambie asante."

Hivyo ndivyo tumeishi miaka yote, na tumeheshimiana sana.

Mama huyo alikuwa anapoteza macho. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika yote mawili. Alimimina chai kando ya kikombe, aliwaita wajukuu kwa majina ya wajomba zao, na siku moja mke wangu alimkuta anasalimiana na koti lililotundikwa mlangoni. Walikuwa tayari kumpasua hospitali ya misheni ya Lugulu, jicho la kulia kwanza, na walisema wazi lisicheleweshwe zaidi. Lakini siku yake ilikuwa imeshapita mara mbili bila kufika. Gari likifungwa milango humtapisha kabla hajaona Bungoma mjini. Boda nayo ilimtupa mtaroni mwaka juzi, akaapa hatapanda tena kitu kisicho na pa kuegemea.

Halafu mtu akamwambia kwamba pikipiki yangu, kwenye lile sanduku la nyuma, ina mto wa kuegemea mgongo.

"Mwambie mkwe wangu anipeleke," alisema, nikiwa pale nje na kuku. "Nasikia yake ina kiti kama cha kanisani."

Kuku wenyewe walinyamaza. Mimi, nimbebe mama mkwe? Mgongo wangu uguswe na kifua cha mama mkwe kutoka Bumula mpaka Lugulu, Webuye yote ikiona? Wajomba wa mke wangu waliitwa. Mmoja alisema haiwezekani. Mwingine alisema kupofuka pia haiwezekani. Walipochoka kubishana mke wangu akasema, "Basi mimi nikae katikati. Niwe ukuta." Wakaridhika, wakaomba chai. Kwamba sheria inataka abiria mmoja tu, hilo halikutajwa na mtu, na polisi wa siku hiyo nadhani naye alikuwa amekwenda chai.

Mimi ndiye sikuridhika. Ukuta au hakuna ukuta, miguu ilikuwa ile ile. Nilijua kwamba nikimwangusha yule mama, hatapanda kitu kingine tena duniani, na jicho litabaki vile lilivyo. Nilikaa macho nikiipitia barabara yote kichwani, nikitafuta mawe.

Asubuhi walimpandisha kwa kigoda huku mimi nikitazama zizi la ng'ombe.

"Ashapanda?"

"Ashapanda."

"Ameshika?"

"Amenishika mimi. Twende."

Niliamua hatutasimama popote. Penye matuta nilipunguza mwendo mapema mno, penye lori nilikaa nyuma yake nikimeza moshi. Mikono ilikufa ganzi kwa jinsi nilivyokamata usukani. Baada ya Bungoma mjini nikasikia minong'ono nyuma yangu.

"Anasema hata maiti hupelekwa haraka kuliko hivi," mke wangu akaniambia sikioni.

"Mwambie maiti haina haraka ya kurudi nyumbani."

"Anasema amesikia."

Tulipita Webuye, tukashika barabara ya Kitale, na nilianza kuamini tutafika. Lugulu ilikuwa karibu kiasi cha kuona watu wa hospitali wakitembea kando ya barabara na vikapu vya wagonjwa. Hapo ndipo ng'ombe walipotoka shambani. Hawakutoka wawili watatu. Walitoka kijiji kizima cha ng'ombe, wakajaa barabara, wakasimama katikati kuangaliana. Nikafunga breki. Nikatafuta jiwe kushoto. Nikatafuta kulia. Lami tupu, safi, kama imefagiliwa kwa ajili yangu.

Pikipiki ikaanza kuinama. Naujua ule mwinamo, hauombi ruhusa. Mke wangu akaruka chini, akakita nyayo zake ardhini, akaikamata kwa ule ubavu wa kushoto ikiwa tayari imelala nusu. Ikasimama hapo. Haikuanguka, haikuinuka. Lakini ukuta ulikuwa umeshuka, na mama mkwe wangu, asiyeona kitu, akateleza mbele kwenye kiti na kunishika kiunoni kwa mikono yote miwili.

Nikiachia usukani tunaanguka. Akiniachia mimi anaanguka. Mke wangu akiachia tunaanguka wote. Tukakaa hivyo, tukingoja ng'ombe wamalize mkutano wao. Mchungaji wao, mwanamume mzima mwenye fimbo begani, akatusogelea akitabasamu.

"Mama, shika kijana wako sawasawa," alisema.

"Si kijana wangu," mama mkwe akajibu. "Ni mkwe."

Yule mtu tabasamu likamtoka. Akageuka, akaanza kuwachapa ng'ombe kama wamemtusi.

Kisha nikasikia sauti nyuma ya shingo yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake haikupitia kwa mtu yeyote.

"Wewe," alisema. "Usiniangushe kabla sijaona."

Nilikaza magoti. Ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya, nikakifanya. Ng'ombe wa mwisho akapita, mke wangu akasukuma, ikasimama wima. Akapanda tena katikati yetu, na sisi wawili tukarudi kuwa watu wasiojuana.

Alipasuliwa siku hiyo. Kesho yake walimfungua bendeji, naye akaketi kwenye benchi la nje akitazama vitu: nyasi, vidole vyake, gauni la nesi. Nilikuwa nimesimama mbali, ng'ambo ya maua, kando ya pikipiki, uso nimeugeuza kama inavyostahili. Lakini nilihisi kwamba ananitazama. Nafikiri hakuweza kujizuia. Ningekuwa yeye, hata mimi ningetazama kwa wizi.

"Mwambie mkwe wangu," akasema mwishowe, "nilidhani ni mrefu."

Mke wangu hakuniambia. Hakukuwa na haja. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso, mabega yanatikisika.

Mama mkwe alibaki kwa ndugu yake wa kike karibu na hapo, akiuguzwa na dada wa mke wangu, ili arudi kuangaliwa bila safari ndefu. Wajomba nao walisema kule kushikana hakuwezi kuachwa hivi hivi, nikapeleka huko huko blanketi na kuku, faini ya kuvunja mwiko, na jambo likafungwa. Wakati wa kufunga ndipo mtu alipotaja jicho la pili. La kushoto, baada ya mavuno. Wote wakageuka kunitazama. Mama mkwe alikuwa jikoni, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba safari hii anataka kuiona barabara.

Nilirudi Kiminini nimechoka mpaka kope. Jirani alikuwa kwenye ua anachuja maziwa. Nikaegemea jiwe langu, nikamsimulia yote, ng'ombe, mkwe, kuku, blanketi, na kwamba sasa nina jicho lingine linalonisubiri na usiku nikifumba macho naona lami tupu. Nilitaka kuhurumiwa kidogo, si zaidi. Yeye alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Mke wangu alikuwa ameketi juu ya pikipiki, nyayo zote mbili chini, anairudisha uani kwa miguu huku akimuuliza dada yake kwenye simu kama mama amekula.

Jirani akakung'uta kichujio ukingoni mwa ndoo.

"Fundi, miguu ni yake, mama ni wake, na kuendesha anajua. Sasa wewe huko Lugulu ulikuwa unaenda kufanya nini?"