Anayemshika Mtoto

Pale hospitali mpiga picha za eksrei aliitwa Mama Mlango, kwa sababu kutwa nzima alikuwa akiwafokea watu wafunge mlango. Alikuwa amechoka. Mionzi haionekani, na kisichoonekana watu hawakiogopi.

Asubuhi ile aliingia binti mmoja na mwanawe wa mwaka mmoja aliyekuwa akikohoa, nyuma yake mama mkwe. Mtoto alihitaji mtu wa kumshika asitikisike.

"Anayemshika asiwe na mimba," alisema Mama Mlango. "Dada, unayo?"

"Aitoe wapi?" akadakia mama mkwe. "Huyu bado ananyonyesha."

"Mama, nimemuuliza yeye."

"Na mimi nimekujibu."

Mama Mlango akashusha pumzi. Kila siku ni yale yale: unauliza tumbo hili, unajibiwa na mdomo mwingine. Akamtazama binti. Alikuwa ameinamisha macho, kiganja kimetulia chini ya kitovu. Akimbana aseme, siri itamwagika mbele ya mkwe. Akinyamaza, kiumbe kilichomo kitapigwa mionzi.

Akaitoa ukutani aproni ya risasi inayozuia mionzi, akamvika mama mkwe.

"Leo bibi ndiye atakayemshika mjukuu. Kwa mikono hiyo hafurukuti."

"Mbona nzito kama mfuko wa saruji?"

"Ndiyo ujue mimi nashinda na nini. Dada, wewe subiri nje. Na mlango."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, mlango ulifungwa bila yeye kurudia.